Siku moja na mipako ya kauri ya blaidi za injini za ndege

Saa 1:00 asubuhi. Kazi inaanza na poda. Zirkonia (kauri ya oksidi ya zirkoniamu) yenye itria (oksidi ya itriamu) asilimia 7 hadi 8 kwa uzito inakaushwa kwenye oveni, maana poda yenye unyevu hugandana na kutoka kwa kusitasita kwenye mrija wa kuipulizia. Bila itria hakuna mpako: zirkonia tupu ikipoa hubadili mpangilio wa fuwele, hutanuka na kupasuka.

Saa 2:00. Mashina ya blaidi za aloi ya nikeli yanafunikwa, kisha blaidi zinapigwa chembe ngumu za alumina (oksidi ya alumini) zipate ukwaru wa kushikilia mpako. Presha ikizidi, chembe huzama kwenye chuma na kubaki humo, na ufa wa kesho huanzia hapo. Kuanzia sasa ni glavu tu. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu kazi.

Saa 3:30. Kupuliza. Linatangulia tabaka la nikeli, kobalti, kromi, alumini na itriamu, unene kama milimita 0.1. Juu yake inakuja zirkonia, mikromita 250 hivi (robo milimita), kwa bunduki ya plazma, yaani gesi ya agoni na haidrojeni iliyopashwa moto mkali kwa umeme. Kiini cha plazma hupita nyuzi 10,000, lakini chembe hupita humo kwa milisekunde chache tu. Elektrodi ya bunduki ikichakaa, baadhi ya chembe hufika kwenye blaidi hazijayeyuka. Ndiyo maana jicho haliondoki kwenye volti: zikishuka, elektrodi inabadilishwa hata kama zimebaki blaidi mbili. Mwisho, matundu ya kupozea yanakaguliwa moja moja.

Saa 7:00 mchana. Maabara, na hapa ndipo mabishano huzuka. Mpako unatakiwa uwe na vinyweleo, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, ili uzuie joto na uvumilie kutanuka kwa chuma. Lakini ukisugua sampuli vibaya, punje hung'oka, na hadubini inaonyesha vinyweleo ambavyo umevitengeneza mwenyewe. Dawa yake ni kuifyonzesha sampuli epoksi, gundi inayoganda, kwenye ombwe kabla ya kukata. Anayeruka hatua hii asilete picha mezani.

Saa 9:00. Jaribio la kuvuta: mpako unagandishwa kwa gundi na kuvutwa hadi ung'oke. Gundi ikikatika kabla ya mpako, umepima gundi.

Saa 10:30 jioni. Sampuli zinatoka kwenye tanuri la nyuzi 1,100, nyingine zinaingia. Humo ndani alumini ya tabaka la chini hugeuka utando wa alumina. Utando ukifika mikromita kadhaa, mpako hubanduka wakati wa kupoa. Sampuli za vumbi la jangwa, lile linalofyonzwa na injini zinazoruka Ghuba, zina tanuri lao: kwenye nyuzi 1,200 na zaidi vumbi huyeyuka, hupenya vinyweleo na kugandia humo. Kauri nyingine, zirkoneti ya gadoliniamu, hulizuia vizuri zaidi, ila ni rahisi kupasuka, kwa hiyo huwekwa juu ya zirkonia ya kawaida, si badala yake.

Matokeo hayaandikwi jioni hiyo. Sampuli iliyotoka nzima huweza kubanduka mezani saa kadhaa baadaye kwa unyevu wa hewa tu, hivyo hesabu ya mizunguko ya kupasha na kupoza hufungwa kesho asubuhi.