Mzee angekifungua

Ni Alhamisi usiku, watoto wamelala, na mimi bado nimo ndani ya mashua ya Jumamosi. Nimepika, nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, nimepokea barua ya uhamisho (mwezi wa tano niko Homa Bay, hayo tutayaongea siku nyingine), na katikati ya yote hayo sauti ya Kaka inanirudia. Maneno mawili tu.

Nieleze kwa utaratibu, maana nimelirudia jambo hili kichwani hadi nimeanza kulichanganya. Kaka alikuwa anakwenda kutazama vizimba vyake vya kufugia samaki, wale ngege, akaniambia nipande naye nipunge upepo. Tuliondoka Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria pale Kisumu, saa nane mchana, jua kali. Mvua ilitukuta tukirudi, ile ya ziwani inayokuja na upepo wake na giza lake, unaiona ikitembea juu ya maji mpaka ikufikie. Karibu na mafunjo, kipande cha wavu mkuukuu kikajizungusha kwenye panga za injini. Injini ikazima. Kijana wa mashua akaiinua, na Kaka akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Una kisu?"

"Ninacho. Cha Mzee."

Nilijibu haraka, na nilijibu kwa fahari. Siku zote natembea nacho mkobani na siku zote ni embe na bahasha tu. Leo, nikajiambia, leo ndiyo siku yake. Nikakitoa, nikaingiza ukucha kwenye kile kijishimo cha ubavuni mwa bamba lenye makali, nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta tena, ukucha ukakatika hadi kwenye nyama. Kaka akakichukua, akajaribu mara moja kwa vidole vyake vile vya kamba na nyavu. Akakitazama. Akanirudishia.

"Mzee angekifungua."

Kisha akageuka. Kijana akatoa wembe kwenye kofia yake, wakakata wavu uzi kwa uzi, tukafika pwani tumelowa chapachapa. Hakuna aliyelizungumza tena.

Waliokuwa wakinisoma wakati wa matanga wanakijua kisu hiki. Wakati wa kugawana vitu vya Baba, Kaka alipata mashua na nyavu, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana ndiye aliyekuwa akienda naye ziwani tangu akiwa darasa la tano. Mimi sikuomba kitu kingine. Niliomba kisu. Mama alikifungua kutoka kwenye pindo la leso yake akaniwekea mkononi mbele ya watu wote, na nikaona Kaka akikifuata kwa macho. Kwa hiyo mnaelewa Jumamosi nilisikia nini. Nilisikia: hiki si chako. Nilisikia: umekichukua na hukiwezi.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nakibonyeza kisu ndani ya mkoba. Bado kilikuwa kimekaza.

Ni kisu cha kukunja cha Kifaransa, Opinel, namba 8. Baba alipewa na mgeni mmoja aliyekuja kutazama ndege wa kwenye mafunjo ya Dunga, enzi Baba akiwapigia wageni kasia. Kwenye bamba kuna mkono wenye vidole vitatu vilivyonyooshwa, na taji juu yake, na tulipokuwa wadogo tuliamini ni mkono wa mfalme aliyekitengeneza. Aliyevitengeneza hakuwa mfalme. Aliitwa Joseph Opinel, mwana wa mhunzi huko Savoie, milimani, alianza mwaka 1890. Ile namba ni ukubwa, na namba 8 ina bamba la sentimita 8 na nusu. Hata pete ya chuma inayozungushwa shingoni ili kisu kisikufungie vidole, ile iliongezwa baadaye, mwaka 1955. Ukiitoa pete hiyo na msumari wa kiungo, kinachobaki ni mti na chuma basi. Mpini ni wa mti wa Ulaya uitwao biichi, uliopasuliwa ufa mmoja, na bamba linalala ndani ya ufa huo.

Hapo kwenye ufa ndipo shida yote ilipo. Mpini hupakwa vanishi kwa nje, lakini ndani ya ufa mti uko wazi, na cha Baba hata ile vanishi ya nje ilishakwisha kwa jasho la mkono wake. Maji yakiingia, mti unayanywa. Na mti hauvimbi kila upande sawasawa: urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, unavimba kwa unene. Kwa hiyo mpini haurefuki, ila kuta mbili za ufa zinasogeleana, na chuma kilicho katikati hakina pa kwenda. Kinabanwa. Biichi ni miongoni mwa miti inayovimba na kunywea sana.

Na si mvua peke yake. Hili nimelikumbuka Jumatatu nikiwa darasani, chaki mkononi, nikasimama kimya mpaka wanafunzi wakatazamana. Ijumaa usiku nilikatia vitunguu kwa kisu hicho, nikakikunja, nikakitupa kwenye beseni la vyombo pamoja na vijiko, nikalala. Kililala majini usiku kucha. Asubuhi nikakifuta kwa nje, nikakitia mkobani. Mvua ilikikuta kimeshashiba.

Iliniuma kuliko maneno ya Kaka. Kitu pekee nilichoomba, na nimekifanya kijiko.

Jumanne nilimpigia Mama kumuuliza kuhusu shamba la chini (maji yameingia hadi kwenye migomba, lakini mwenyewe anasema yatashuka), na nikamweleza habari ya kisu kwa mzunguko, bila kumtaja Kaka. Mama hakushangaa hata kidogo.

"Sasa jembe mimi huwa naliweka kwenye ndoo kwa nini, mama?"

Nikanyamaza. Kila msimu wa kulima, tangu nipate akili, nimemwona Mama akilitumbukiza jembe lililolegea kwenye ndoo ya maji jioni, kichwa chini, na asubuhi mpini umekaza tundu hata ukiligonga kwenye jiwe halichomoki. Nimeibeba ndoo hiyo mimi mwenyewe. Na mashua ya Baba, ile ya mbao za mvule: kila ilipokaa nchi kavu muda mrefu kwa matengenezo, siku ya kwanza majini ilivuja hata ikiwa imetiwa kalafati upya, na Baba hakuwa na wasiwasi. Aliiacha imefungwa pale ufukweni inywe, na mbao zenyewe zikasongamana na kuziba. Nimekua katika nyumba inayoishi kwa mti uliovimba. Jembe lilikaza kwa huo, mashua ilielea kwa huo. Sikuwahi kufikiri kwamba kisu nacho ni mti ule ule, ila chenyewe kinaomba kinyume.

Kwa kisu, nimefanya hivi. Nimekiacha kwenye dirisha la jikoni, kivulini, penye upepo. Sikukiweka juani wala karibu na jiko, maana mti ukikaushwa kwa pupa hupasuka, na ufa wa namna hiyo hauna dawa. Jumatatu usiku kilikuwa kigumu bado. Jumatano alfajiri bamba likatoka kwa ukucha wa kidole kizima. Nilikuta kutu nyekundu kwenye kiungo, kidogo, kama unga wa pilipili. Ni chuma cha kaboni, hakivumilii kulowa. Weusi uliotanda kwenye bamba lote sikuugusa. Huo si kutu, ni maembe na ndimu za miaka ya Baba, na unalisaidia bamba kidogo lisiliwe. Kutu nimeisugua kwa majivu na kitambaa, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo.

Kikishakauka vizuri, ufa unaweza kupanuliwa kidogo kwa msasa uliokunjwa, halafu mti unapakwa mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, mpaka ukatae kunywa. Hayauzuii maji kabisa, yanayachelewesha tu. Kwa mvua ya nusu saa, kuchelewesha kunatosha.

Jana jioni, kisu kikiwa wazi mezani, nikajikaza nikampigia Kaka.

"Jumamosi ulisema Mzee angekifungua."

"Ndiyo."

"Ulimaanisha nini?"

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia televisheni yake, mpira.

"Nilimaanisha angekifungua. Alikuwa anakigonga."

"Anakigonga?"

"Nyaminwa, dada yangu, we hujawahi kumwona? Kilikuwa kinakwama kila mvua. Anakishika hivi, anakigonga kitako kwenye ukingo wa mashua, tap, bamba linachungulia, anamalizia kwa vidole. Jumamosi nilikuwa najaribu kukumbuka ni upande gani. Mvua ikanichanganya."

Kumbe siku tano nzima. Siku tano nimebeba hukumu, na yeye alikuwa anamtafuta Baba kwa vidole ndani ya mvua, kama mimi.

Ningependa kusema roho yangu ilitulia pale. Ilifurahi, kweli, nilicheka peke yangu jikoni. Nikakikunja kisu, nikageuza kitako chini, nikakigonga ukingoni mwa meza. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili nikagonga pale pembeni, upande wa mgongo wa bamba, na ncha ikachungulia. Nikagonga tena na tena, mpaka kitinda mimba akaja kuuliza nani anabisha hodi.

Lakini baadaye, nimelala, likanijia jingine. Hujawahi kumwona? Sikuwahi. Mimi nilikijua kisu cha nyumbani, kikavu, cha kumenyea embe barazani na kuchonga penseli zangu za shule. Kisu cha mvua sikukijua. Huko ziwani Baba alikuwa na mikono mingine ambayo ni Kaka peke yake aliyeiona, na nafikiri hata Baba hakuona kwamba kuna cha kumwonyesha mtoto wa kike hapo. Nimekaa na hilo tangu jana. Sijui nilifanyie nini.

Kabla hatujakata simu nilimuuliza kama alikuwa anakitaka. Kisu. Nilimuuliza wazi.

"Njoo nacho Jumamosi," akasema. "Nina msasa."

Nitakwenda nacho, kwenye mfuko wa plastiki, mkavu.

Kitinda mimba amelala na kiganja juu ya sikio tena. La kushoto, kama mwezi uliopita. Nimemgusa shingoni, hana joto, lakini chakula cha jioni alikiacha nusu na yeye si mtu wa kuacha wali. Kesho itabidi niamke saa kumi na moja tuwahi foleni kabla ya kengele ya shule.