Skida Mbili na Pesa ya Moja

Kwa muda mrefu tulikuwa watu wa kukodi. Mwenye skida akija, tunavuna. Akipata mteja mnono kuliko sisi, magogo yetu yanalala msituni, lori linasubiri, na wafanyakazi wanataka posho yao vilevile. Ukikodi mashine, ratiba ya kazi yako iko mfukoni mwa mtu mwingine. Mimi na shemeji yangu, mshirika wangu katika biashara hii tangu mwanzo, tukaafikiana kununua ya kwetu. Mpya hatukuwa na ubavu nayo. Iliyotumika tuliimudu, ila moja tu, na hapo ubishi ukaanza: moja ya aina gani?

Kwa asiyeifahamu, skida ni trekta la magurudumu manne makubwa ambalo chesisi yake ina vipande viwili vilivyoungwa kwa pini katikati. Likikata kona linajipinda kiunoni. Matairi ya mbele hayageuki peke yake. Mbele lina bledi fupi ya kusukumia, nyuma lina kifaa cha kuvutia magogo hadi uwanja wa kupakia. Kifaa hicho ndicho kilichotugombanisha. Kuna skida za winchi, ambazo mtu huvuta waya wa chuma, akaupeleka hadi kwenye gogo na kulifunga kwa kitanzi. Na kuna za kucha: mkono wa haidroliki unashuka, unabana fungu la magogo, safari inaanza, dereva hajainuka kwenye kiti.

Shemeji aliipenda ya kucha, na sikumlaumu. Hakuna kijana anayehangaika matopeni na waya begani, na fungu zima linaondoka kwa dakika chache. Lakini kucha inataka fungu lililokwisha kuandaliwa. Inafaa hasa pale penye mashine inayokata miti na kuilaza mafungu mafungu. Sisi tulikuwa na misumeno ya mnyororo. Mti wa kwanza unaangukia bondeni, wa pili nyuma ya jiwe, wa tatu unaegemea kisiki. Kwa kucha, dereva lazima arudi kinyumenyume hadi kwenye kila gogo, akikanyaga miche na kushindilia udongo. Ya winchi inasimama njiani, waya ndio unaotembea, mita 30 au zaidi.

"Waya ni kazi ya kizamani," shemeji alisema. "Vijana wataikimbia."

Hapo alikuwa na hoja. Kufunga vitanzi kutwa kunachosha, na waya uliokaza ukikatika unaweza kuua mtu. Basi hatukuelewana. Tukaamua kwenda kuziona zote mbili zilizokuwa sokoni, na tukamchukua fundi.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka karakana ya mitambo mizito, mtu wa maneno machache. Alibeba tochi, sumaku aliyoifunga kwenye kijiti, pampu ndogo ya mkono ya kufyonzea oili, na vichupa safi vyenye vifuniko. Kabla ya safari alinituma nimpigie simu dalali wa ile ya kucha, nimwombe injini isiwashwe mpaka tufike. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikishapata moto. Ikiwa baridi ndipo inaposema kweli.

Tulipofika, skida ilikuwa inang'aa, rangi mbichi kuanzia bledi hadi ncha za kucha. Fundi alimsalimia dalali, akapitisha kiganja karibu na ekzosi, kisha akaenda kukaa kivulini.

"Mzee wangu, vipi tena?" dalali akauliza.

"Tunasubiri ipoe, mwanangu."

"Niliisogeza kidogo tu, mpate nafasi ya kuizunguka."

"Umefanya vyema. Tutaizunguka."

Tukaizunguka. Mita ya saa ilisoma 4,200 na ushei, na mashine yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 14. Hiyo ni wastani wa saa 300 kwa mwaka, ilhali skida yenye kazi ya kudumu hupita saa 1,000 kwa mwaka bila taabu. Ama mashine ililala, ama mita ililala. Fundi hakubishana na mita. Alitazama pedali ya breki, ambayo mpira wake ulikwisha na chuma kikalika kwenye kingo. Akatazama ngazi ya kupandia, iliyopinda na kusuguliwa na buti. Akashika kishikio cha mlango. Vitu hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi.

Kisha akatuita kiunoni. Nipeli za grisi, zile chuchu ndogo ambazo bunduki ya grisi hushikwa nazo, zilikuwa zimefunikwa na rangi. Rangi ile haikuwa imepasuka hata kwenye nipeli moja. Maana yake, tangu mashine ipakwe rangi hakuna aliyeipa grisi, na skida inayotunzwa hupewa grisi kila siku ya kazi. Mipira ya haidroliki nayo ilipakwa, kwa hiyo nyufa zake usingeziona mpaka uukunje mpira kwa mkono. Fundi akaukunja mmoja. Dalali akatazama pembeni.

Mashine ilipopoa kabisa, fundi alimwomba dereva wa dalali aiwashe, akandamize bledi chini mpaka matairi ya mbele yanyanyuke, kisha aiachie, arudie. Mimi nikaambiwa nilale chali nimulike pini za kiunoni kwa tochi. Kila matairi yaliponyanyuka, vipande viwili vya chesisi viliachana kwanza, ndipo vikafuatana. Upenyo wake ulitosha kuingiza ncha ya kidole, ingawa hakuna mwenye akili angekiingiza. Kubadili pini na bushi, ile pete ya chuma ambayo pini huzunguka ndani yake, si balaa. Balaa ni pale matundu yenyewe yanapokuwa yamepanuka, kwa sababu hapo lazima chuma kijazwe kwa kuchomelea, kisha kichongwe upya kwa kipimo, na kazi hiyo si kila karakana inaiweza.

Jambo lililoniudhi zaidi halikuwa hilo. Kwenye nguzo ya kizimba cha dereva mtu alikuwa amechomelea sanduku la vifaa. Kizimba kile kipo kumlinda dereva skida ikibiringika, na hujaribiwa kwa viwango maalumu. Kwa mashine za misitu kipo cha ISO 8082. Ukichomelea au kutoboa nguzo yake bila idhini ya mtengenezaji, hakuna tena anayeweza kukuhakikishia itastahimili nini. Bandiko la kiwango lilikuwa bado limebandikwa pale pale, juu ya sanduku. Sikuwa na hasira na dalali. Huenda hata yeye aliipokea hivyo.

Njiani shemeji alinyamaza, halafu akasema kucha yenyewe ilikuwa nzima. Ni kweli, ilikuwa nzima.

Skida ya winchi ilikuwa ya mzee mmoja aliyeiendesha mwenyewe kwa miaka mingi na sasa mgongo ulikuwa umemkatalia. Kutu ilikuwa imeila kwenye bledi, kiti kimeshonwa kwa kamba, taa moja haipo. Lakini kila nipeli ilikuwa na grisi mbichi iliyotoka pembeni, na chini ya injini, kwenye bamba la tumbo, palikuwa pasafi. Sehemu hiyo watu wengi huisahau. Magome na majani hujikusanya humo, oili ikadondokea, na skida nyingi zimeungua kwa moto ulioanzia hapo. Mzee alisema alikuwa analifungua bamba na kulifagia kila mara, na boliti zake zilimuunga mkono: zilitoka kwa mkono mmoja.

"Kabla hamjaitazama," akatuambia, "naomba niwaambie ubovu wake. Silinda ya usukani upande wa kulia inavuja. Tairi la nyuma kushoto limechanika ubavuni. Breki ya winchi ni ya kurekebishwa, mimi mgongo hauniruhusu kuinama."

Fundi akamwamkia "shikamoo" kwa mara ya pili, safari hii kwa sauti nyingine kabisa. Akakagua kama vile hakuambiwa kitu. Injini ilikuwa baridi; ikawaka, ikatoa moshi mweupe kwa muda mfupi, kisha ekzosi ikawa safi. Moshi wa buluu ungekuwa oili inayoungua, na mweusi usioisha ungekuwa dizeli isiyopata hewa ya kutosha. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akatazama kama mvuke unasukuma kwa nguvu kutoka chini, dalili ya ringi za pistoni zilizolika. Ulitoka kidogo tu. Tukafunga waya kwenye kisiki kikubwa, sote tukasogea mbali, winchi ikavuta mpaka skida yenyewe ikaanza kurudi nyuma. Difu ya mbele, kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli, ilipofunguliwa, sumaku ilitoka na tope laini la kijivu. Vipande vya chuma ndivyo tulivyokuwa tunavihofia, na havikuwamo.

Hata hivyo fundi hakutoa neno la mwisho. Alifyonza sampuli ya oili ya injini, ya giaboksi na ya haidroliki, kila moja na chupa yake, zipelekwe maabara. Huko huangalia silikoni, inayoashiria vumbi lililopita kwenye chujio la hewa. Chuma na shaba, zinazoashiria gia, bushi na beringi zinazolika. Na chembe za maji ya rejeta, ambazo hazipaswi kuwamo kabisa. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na injini. Tukaacha arubuni, mzee akakubali kutusubiri. Majibu yaliporudi yalikuwa ya kawaida, isipokuwa silikoni iliyopanda kidogo kwenye haidroliki, jambo lililoelezwa na ile silinda inayovuja: panapotoka oili, vumbi nalo hupata njia.

Nilifuatilia nyaraka mimi mwenyewe. Nambari ya kwenye kibao ililingana na ile iliyogongwa kwenye chesisi, na hakuna aliyekuwa anaidai mashine kwa mkopo. Niliulizia pia spea, maana kampuni huuzwa na majina hufa. Timberjack, kwa mfano, iliingia mikononi mwa John Deere mwaka 2000. Mashine inaweza kumzidi umri mtengenezaji wake, na hapo unabaki kutegemea maduka yaliyoamua kuendelea kutunza spea zake. Ya mzee ilikuwa na spea, hasa vichujio na sili, vitu ambavyo kukosekana kwake ndiko kunakosimamisha kazi.

Bei tuliishusha kwa kiasi cha tairi moja na sili za silinda. Tairi la skida si la kuchezea. Saizi kama 23.1-26 kwa kazi ya msituni huwa na matabaka mazito, na ukibadilisha yote manne unaweza kudhani umenunua mashine nyingine. Mzee hakusumbua. Alitaka tu dereva wetu aje akae naye kabla lobedi, lile trela la chini la kubebea mitambo, haijaja kuibeba, na sharti hilo sijawahi kulisikia kwa muuzaji mwingine.

Dereva wetu alirudi na mafunzo ambayo hayamo kwenye kitabu cha mashine. Kubwa lilikuwa hili: ukikwama mlimani na mzigo, usikanyage mafuta. Legeza winchi, acha magogo yalale chini, panda na skida tupu hadi penye ardhi imara, kisha uvute magogo yakufuate. Skida ya kucha isiyo na winchi haiwezi hivyo. Ikikwama na mzigo, inauacha au inakesha nao.

Shemeji hajaacha kuitaka ya kucha. Ana hesabu zake kwenye daftari, za mashine ya kukata na kulaza mafungu pamoja na skida ya kuyavuta, na kila tukimaliza msitu mmoja ananionyesha. Mara ya mwisho nilipozitazama, alikuwa ameongeza mstari wa gharama za maabara ya oili, na mwingine wa posho ya fundi.