Umejuaje?

Mitihani ya watoto imekwisha, baba yao amepata ule uhamisho, na paa la jikoni limezibwa hatimaye. Lakini kinachonikosesha usingizi ni neno la wifi. Alisimama barazani, mkono kiunoni, akautazama mwaridi tuliouchimbua kule ukutani na kuuhamisha, akasema, "Huo umeshakufa, wifi. Ung'oe." Nikamwambia haujafa. "Umejuaje?" Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikaingia ndani bila kujibu.

Umejuaje. Nikiosha vyombo nalisikia, nikizima taa nalisikia.

Kwa ukucha, wifi. Unakwaruza gome la ncha ya tawi, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukikuta kijani chenye majimaji, tawi liko hai. Ukikuta kahawia kavu, unashuka sentimita chache na kukwaruza tena, mpaka ukutane na kijani au ufike udongoni. Ncha kukauka si shina kufa. Kisha tazama majani: yanayopukutika yenyewe yana habari njema kuliko yaliyokauka yakabaki yananing'inia, maana ni tawi lililo hai tu linaloweza kulibandua jani kwenye kikonyo chake. Wa kwetu umepukutisha karibu yote. Wewe uliona kifo, mimi nikaona kazi inaendelea.

Halafu lile la pili, akiwa tayari anavaa viatu: "Basi umwagilie, si unaona una kiu?" Hili ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu ndilo linaloua. Maji hufyonzwa na vinyweleo vya mizizi, na mwaridi ukichimbuliwa vingi hukatika vikabaki kwenye shimo la zamani. Majani yanaendelea kupoteza maji hewani, mizizi iliyobaki haiwezi kufidia, mti unanyauka hata udongo ukiwa umelowa. Ukimwaga maji kila ukiuona umelegea, udongo unakosa hewa, mizizi inaoza, majani yanazidi kulegea, nawe unazidi kumwaga. Miwaridi mingi huuawa kwa huruma namna hii. Chomeka kidole udongoni sentimita 5: pakiwa na unyevu, acha, pakiwa pakavu, mimina polepole lita 8 hivi kuzunguka shina, maji yazame mbali. Na mwaridi unaolegea saa nane mchana ukasimama tena alfajiri umechoshwa na jua tu.

Dawa yenyewe ni kuupunguzia mzigo. Maua na matumba yote yanakatwa, hata lile linalokaribia kufunguka (najua, inauma). Matawi yanapogolewa thuluthi moja, au nusu ikiwa mizizi ilikatwa sana. Unakata mshazari, nusu sentimita juu ya jicho, yaani kile kinundu cha kuchipulia, linalotazama nje. Usipitilize, kwa sababu akiba ya chakula iliyomo matawini ndiyo inayootesha mizizi mipya. Jua la mchana likingwe kwa kitambaa chepesi kwa wiki moja au mbili. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, yawe na unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Acha upana wa kiganja, la sivyo gome litaoza. Mbolea hapana kwanza. Chumvi zake huvuta maji kutoka kwenye mizizi ambayo haina hata ya kujitosheleza, na samadi mbichi huiunguza kabisa. Ile aliyoahidi kutuletea wifi ikae pembeni mpaka ioze.

Leo asubuhi kuna machipukizi matatu, mekundu, mafupi kuliko ukucha. Nikachukua simu nimpigie. Nikairudisha mezani.

Kwa sababu machipukizi ya mwanzo hudanganya. Yanaweza kuota kwa ile akiba ya matawini wakati chini hakuna mzizi mpya hata mmoja, yakafika urefu wa kidole, kisha siku moja ya jua kali yakaanguka yote. Tena nilipoinama vizuri, mawili yametoka juu ya pale mwaridi ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mwaridi mwingine, la tatu limetoka chini yake. Hilo si la mwaridi wetu, ni la shina lililoubeba, na likiachwa litakula nguvu zote. Halikatwi kwa makasi, kwani macho ya kwenye kitako chake yatachipua tena. Linang'olewa likiwa bado laini, kwa kulivuta pale lilipoanzia, huku mkono mwingine umekandamiza udongo.

Kwa hiyo swali la wifi lilikuwa la haki, namna ya kuliuliza tu ndiyo ilikuwa na miba. Kuwa hai najua. Kushika mizizi bado sijui, na hilo halijulikani kwa ukucha. Litajulikana majani mapya yatakaposimama wima mchana wa joto bila kitambaa, na shina litakapokataa kutikisika nikilishika. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 8. Hapo ndipo mbolea itakapoanza, nusu ya kipimo. Na hapo ndipo nitakapopiga simu.

Jingine: Mama amesema jino lake haliumi tena. Hakuna aliyemuuliza. Na jana usiku nimemwona anatafuna upande mmoja.