Salvador, mtaa kwa mtaa

Siku yangu ya tatu Salvador, Brazil, na miguu inawaka moto kwa kupanda vilima. Asubuhi nilikuwa Pelourinho: nyumba za kila rangi, njia za mawe, na jina linalouma, maana yake nguzo ya kuchapia watu. Watumwa walichapwa hapo. Nikashuka mji wa chini kwa Elevador Lacerda, lifti iliyopo tangu 1873.

Jioni, Rio Vermelho. Mama mmoja, nguo nyeupe na kilemba, anakaanga acarajé: kunde zilizotolewa maganda na kusagwa, zinatumbukizwa kwenye mawese ya moto. Anaipasua katikati, anajaza kamba wakavu na pilipili. Jamani, hizi si bagia zetu za kunde? Machozi yalinilenga pale pale.

Kesho Barra, nilione jua likizama baharini.