Sikio Halichungulii Ukurasa wa Mbele

Leo nimepiga pasi nguo za wiki nzima bila kunung'unika, hedifoni masikioni, nikisikiliza The War of the Worlds. Ni riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, ya viumbe wa sayari ya Mars wanaoivamia dunia, na haikunigharimu hata senti. Nimeipata LibriVox, kwa wale wasomaji wa kujitolea ambao tangu 2005 wanarekodi vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha.

Nikiwa na kitabu mkononi mimi ni mchunguliaji mkubwa. Hofu ikizidi, jicho linaruka mistari mitatu, mara nyingine ukurasa mzima, lipate kujua mapema nani kapona. Sikio halina ujanja huo. Chukua pale Horsell Common, uwanja wa wazi huko Uingereza: silinda iliyotoka Mars imejichimbia ardhini, bado ya moto, na mwanaastronomia Ogilvy kasimama anaitazama. Anagundua kwamba alama nyeusi iliyokuwa upande wake dakika tano zilizopita sasa iko upande wa pili. Kumbe mfuniko unazunguka. Ndani kuna anayeufungua. Msomaji alilisema hilo taratibu, kana kwamba naye ndiyo kwanza analiona, nami nikabaki nimeishika pasi hewani.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosikiliza hadithi za namna hii kwa kasi ya moja na nusu. Mdogo wangu ni mmoja wao. "Dada, huyu anasoma kama ana usingizi," huniambia. Habari za michezo sawa, zikimbize utakavyo. Taharuki ukiikimbiza inageuka taarifa.

Baada ya pasi nikairudia rekodi ya redio ya 30 Oktoba 1938, ile mwigizaji Orson Welles na wenzake walipoiigiza hadithi hii katika redio ya CBS ya Marekani na kuihamishia Grover's Mill, New Jersey. Muziki wa dansi unapigwa, unakatizwa na habari za dharura, unarudi, unakatizwa tena. Muziki wenyewe hauna maajabu, na huo ndio ujanja wake, maana msikilizaji anazoea, anajiegemeza. Kisha mtangazaji aliyeko uwanjani anaeleza moto unavyosambaa kuja upande wake, na kipaza sauti kinakatika katikati ya maneno. Kimya. Ni sekunde chache tu, lakini hakuna mwandishi anayeweza kuziandika. Akiacha nafasi tupu kwenye karatasi, utafunua ukurasa uendelee. Redioni huna cha kufunua.

Magazeti ya Marekani yalidai nchi nzima ilipatwa na kiwewe usiku ule. Watafiti waliokuja baadaye wanasema yalitia chumvi mno, nami nawaamini; magazeti yalikuwa na sababu zake za kuisema vibaya redio, iliyokuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara. Yaliyotokea Quito, Ekwado, Februari 1949, hayakuhitaji chumvi. Redio Quito iliigiza hadithi hiyo hiyo kwa Kihispania, na watu walipojua wamechezewa wakalichoma moto jengo la kituo. Kuna waliokufa. Siwatetei waliochoma, ila chombo kinachokutangazia misiba na bei za vyakula kikisema wageni wa Mars wameingia mjini, utaanzia wapi kukibishia?

Sasa hamu yangu ni Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi huyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, na yeye na kiko chake naona kama waliumbwa kwa ajili ya sikio. Katika kichwa changu anauliza swali, anavuta moshi, anamwacha mwenzake ajikoroge mwenyewe. Ningependa asomwe na mzee wa Unguja, mwenye lafudhi yake kamili, asiye na haraka ya kwenda popote, na pasiwekwe muziki wa kututisha chini ya sauti yake. Nimemwambia mdogo wangu. Kasema huyo mzee atamsikiliza kwa kasi ya mbili.