Siku Moja Maishani Mwangu: Dereva wa Wageni, Njia ya Mai Mahiu

Saa kumi na moja alfajiri. Nakagua maji, oili na upepo wa magurudumu, kisha najaribu breki uwanjani. Barabara ya zamani inayotoka Rironi na kuteremka hadi Mai Mahiu haitaki mzaha na breki. Saa moja nawachukua wageni: jamaa wa rika langu anayeishi ughaibuni, mkewe, watoto wawili na mama yake mzazi.

Saa mbili na nusu tuko kwenye vibanda vya ukingo wa Bonde la Ufa. Ngozi za kondoo, vinyago vya mawe ya Kisii, mahindi ya kuchoma. Jamaa ananisogelea: "Hapa wewe unakatiwa ngapi?" Swali hilo huniuma. Wako madereva wanaokatiwa kamisheni na wenye vibanda, sikatai. Mimi nasimama pale kwa sababu ndipo Longonot huonekana mzima, mita 2,776, huku Suswa akiwa kushoto na tambarare imetandazwa chini yao. Nikamwonyesha milima, basi.

Saa tatu tukaanza kuteremka, na siku ikakwama. Trela lilikuwa limezima konani, matawi yametupwa barabarani nyuma yake, utingo anasukumia mawe chini ya magurudumu. Wenye haraka walikuwa wameshaovalapu, yaani wameingia upande usio wao, wakakutana uso kwa uso na malori yanayopanda. Sasa hapiti huyu wala yule.

"Dereva, si na wewe upite? Wenzako wanapita!"

"Boss, kona ile sioni mbele."

"Nimelipia siku nzima, sikulipia kukaa hapa."

Tukawa tunasogea hatua moja, tunasimama, mguu wangu haubanduki kwenye klachi. Kulia ukuta wa mwamba, kushoto bonde. Nyani wakaja kunusa madirisha, nikaomba ndizi zifichwe. Mtoto mdogo akabanwa na mkojo. Nikashuka naye upande wa mwamba, nikisimama kati yake na malori. Niliporudi, jamaa alikuwa ameshapiga simu ofisini kwetu kushtaki, na ofisi ikanipigia kuuliza kwa nini nachelewesha wageni. Nikaeleza. Nikaambiwa nijitahidi. Nijitahidi vipi, niliinue lile trela?

Mama ndiye aliyemnyamazisha mwanawe. "Mwache kijana. Kiteremko hiki nakijua tangu zamani."

Basi nikawaeleza waliokichonga: mateka wa Kitaliano, askari walioshindwa na Waingereza kule Ethiopia na Somalia mwaka 1941, wakaletwa Kenya kuvunja mwamba huu. Mtoto mkubwa akauliza kama walirudi kwao. Nikamwambia wengi walirudi vita vilipokwisha, na chini tutaona walichokiacha.

Ilikaribia saa sita tulipofika kwenye kanisa lao, lile dogo la mwaka 1942 lililo kando ya lami. Watu kumi na wawili wakiingia, limejaa. Magari ya watalii hulipita mbio kwenda kuona simba, na hilo hunisikitisha kila mara, kwani watu waliokuwa kifungoni walikata mawe ya barabara mchana kutwa na bado wakatafuta nguvu za kujenga hili. Mama aliingia akasali. Sikumharakisha, ofisi ipende isipende.

Baada ya hapo sikuangalia saa sana. Naivasha tulipita tu. Kikopey tukala mbuzi choma, nami nikasinzia dakika chache juu ya usukani. Makumbusho ya Kariandusi tuliwahi kabla hawajafunga: shoka za mawe za watu wa kale alizochimbua mtafiti Louis Leakey na wenzake, zikiwa palepale zilipolala, na jirani yake machimbo meupe ya daiatomaiti, ule mwamba laini kama chaki. Watoto hawakutaka kuondoka. Jamaa mwenyewe aliuliza maswali mengi kuliko wao, nami nikayajibu yote, maana hii ndiyo kazi ninayoijua.

Nakuru tuliingia giza limeshashika. Wao hotelini, mimi nikaosha gari, nikaiandikia ofisi maelezo ya ule msongamano, nikatafuta chumba cha bei nafuu. Goti la kushoto bado linauma. Kesho ni Mogotio, kwenye mstari wa ikweta, na Mama ameomba tuondoke mapema kabla ya jua kuwa kali. Mafuta nimeshajaza.