Ubao wa matangazo haupo njia ya jikoni

Ijumaa, saa tatu usiku. Taa za bweni huzimwa saa nne, kwa hiyo nina saa moja ya kuandika na vidole vyangu havitaki. Julai huku Njombe haitaniwi. Asubuhi ya leo uwanja wa netiboli ulikuwa mweupe kwa sakitu, na wenzetu waliotoka Kyela kwenye joto walikuja mstarini wamejifunga mablanketi juu ya ovaroli. Mkufunzi wa zamu akajifanya hajawaona. Na yeye alikuwa amevaa makoti mawili.

Mimi ndiye ninayesoma matangazo. Katibu wa serikali ya wanafunzi ana kazi nyingi kwenye katiba, lakini inayoonekana ni hiyo moja: Jumatatu na Ijumaa, rimu ya gari ikishagongwa na watu wakishajipanga kwa fani, nasimama mbele na daftari. Umeme, uashi, useremala, ushonaji, ufundi magari, mapishi. Nikimaliza nabandika karatasi ubaoni, basi. Kwa miezi mitano niliamini hapo kazi imeisha.

Kwa asiyetufahamu, hiki ni chuo cha maendeleo ya wananchi, kati ya vile vilivyoanza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden. Huku mwanafunzi anaitwa mshiriki na mwalimu anaitwa mkufunzi. Nilipofika nilicheka, nikaona ni maneno ya semina. Kisha nikapangiwa benchi moja la karakana na dada wa miaka 34 mwenye watoto watatu, aliyeacha shule darasa la sita, na ambaye hata mkufunzi wetu anamwamkia. Huyo utamwitaje mwanafunzi?

Matangazo ya wiki hii yalikuwa ya kawaida. Useremala watakwenda Jumanne kukarabati madawati ya shule ya msingi ya jirani, waende na misumari yao kwa sababu mara ya mwisho mwalimu mkuu alituletea misumari ya bati. Uashi wamalizie ukuta wa banda la nguruwe kabla nguruwe hawajaumaliza wao. Wanaofanya mtihani wa VETA, mamlaka ya ufundi stadi, mwisho wa mwaka wahakiki majina yao, hasa herufi, maana cheti kikishatoka na jina lililokosewa utalizunguka jambo hilo mpaka uzeeke. Netiboli Jumamosi. Na imepotea testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Kila wiki inapotea testa. Nina hakika kuna mahali ndani ya eneo la chuo zipo testa arobaini zimekaa zinatucheka.

Lakini nilitaka kuandika juu ya tangazo la wiki mbili zilizopita, ambalo sijaacha kulifikiria.

Ilikuwa Jumanne. Mratibu wa mafunzo aliniita ofisini akasema kuna mkandarasi wa umeme anachukua watu sita wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, vijiji viwili vya upande wa milimani ambako nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika na watu wanasubiri kuunganishwa. Majina yafungwe Jumatano saa kumi. Kwa sisi wa umeme hiyo ni habari kubwa. Huku kijijini kuunganishiwa ni shilingi 27,000, pesa ambayo mtu akiuza debe kadhaa za viazi anaipata, ila nyumba lazima iwe na wayaringi kwanza, na fomu isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati, la sivyo shirika la umeme, TANESCO, hawaleti mita. Nyumba ndogo wanafungiwa Umeta, kile kiboksi chenye soketi na swichi, mambo yakaisha. Ukikaa wiki nane na mkandarasi wa namna hiyo utafunga nyumba kwa mkono wako mwenyewe, siyo kuangalia mgongo wa mtu aliye juu ya ngazi. Na mwisho anakupa barua, ambayo siku ukienda kuomba leseni yako ndiyo itakayokusemea.

Nikaandika hivi, nakumbuka kila neno kwa sababu nilijisifu nayo: "Washiriki wote wa fani husika mnatangaziwa kuwasilisha taarifa zenu kwa mratibu kwa ajili ya mafunzo ya vitendo kabla ya muda uliopangwa. Kuchelewa hakutavumiliwa." Nikapiga muhuri. Nikabandika. Nikatuma na picha kwenye kundi la WhatsApp.

Fani husika ni ipi? Taarifa gani? Muda upi? Hakuna hata kimoja nilichosema. Niliandika kama ofisi inavyoandika, kwa sauti ya mtu asiyekuwepo. Wavulana wa umeme waliokuwa karakana siku ile walisikia kwa mratibu mwenyewe, wakajaza nafasi tano kabla ya chakula cha mchana. Ya sita ilijazwa jioni na kijana mwenye simu kubwa na bando.

Dada yangu wa benchi hakuwepo. Mwanawe mdogo, yule anayeshinda chekechea ya chuo sisi tukiwa karakana, alichemka usiku wa Jumatatu, akampeleka zahanati, akalazwa siku mbili. Simu yake ni kitochi. Alirudi Alhamisi na mtoto mgongoni, akapita moja kwa moja jikoni kuomba uji wa mtoto, na kutoka jikoni akaja karakana. Ubao wetu uko ukuta wa utawala, upande wa maua. Njia ya jikoni haipiti pale. Wala njia ya bomba, wala ya chekechea, wala ya lango wanakoingilia watu wa kutwa. Nimekuja kuligundua hilo baada ya miezi mitano ya kubandika.

"Mmeandika majina ya fildi?" akaniuliza, anafunga mtoto vizuri kwa kitenge. Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Aa, sawa," akachukua plaizi akaanza kumenya waya. Afadhali angenigombeza.

Nilikwenda kwa mratibu. Alikuwa mwema, lakini majina yalishakwenda na mkandarasi hana nafasi ya saba. Nikajaribu kumshawishi mmoja wa wale sita, kijana ambaye baba yake ana duka la vifaa vya umeme mjini na angepata fildi kokote, aachie nafasi. Akaniambia, "Katibu, hata mimi nataka kwenda." Nikakosa la kumjibu, kwa sababu ni kweli, hata yeye alitaka kwenda.

Tangu hapo nimebadilisha mambo kadhaa, madogo. Karatasi siku hizi ni tatu: moja ubaoni kwa heshima ya utawala, moja mlango wa jikoni, na moja ndani ya dirisha la chekechea inayotazama nje, kwa kuwa akina mama wote husimama pale kumchungulia mtoto kabla hawajaondoka. Mama mpishi amekubali kuwa spika yangu. Akisema "umeme, mmesikia?" huku ameshika upawa, hakuna asiyesikia. Watu wa kutwa nawatumia ujumbe wa kawaida, wa maandishi, kwa hela ya serikali ya wanafunzi, na mweka hazina amelalamika, na nimemwacha alalamike. Na siandiki tena "fani husika". Naandika umeme mwaka wa pili. Naandika jina la siku, saa, mlango wa kugonga, na kitu cha kushika mkononi.

Mkuu wa chuo alisoma moja ya zile mpya akaguna kwamba ni kama barua ya nyumbani. Sikujua kama ni sifa.

Bado kuna kinachonisumbua. Kwenye mahafali hotuba zote zitasema chuo hiki ni cha watu waliokosa nafasi ya kwanza, na ni kweli: nusu ya mabinti wa darasa letu waliacha shule kwa ujauzito kabla ya ule waraka wa serikali wa Novemba 2021 ulioruhusu kurudi shule, na milango ya vyuo kama hiki ndiyo iliyokuwa wazi kwao. Tumejenga chekechea, tumeweka vitanda vya watoto, halafu nafasi ya fildi tunaigawa kwa masaa ishirini na nne kwa aliyekuwa karibu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mratibu alikuwa na haraka, mkandarasi alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na muhuri.

Leo jioni dada yangu wa benchi alinifuata bwenini, mtoto amepona na anakula muhogo wa kuchemsha kwa bidii ya mtu mzima. Fildi ameipata, ila siyo aliyoitaka: atabaki hapa chuoni na mkufunzi kurekebisha mfumo wa umeme wa karakana ya ushonaji, ambako soketi zimelegea mpaka cherehani za umeme zinakatika zikiwa katikati ya mshono. Kazi ipo, barua ya mkandarasi haipo. Hakuja kuzungumza hilo. Alikuja na tangazo.

"Katibu, na mimi naweza kutangaza kitu changu?"

Katika miezi yote hii hakuna mshiriki wa kawaida aliyewahi kuniletea tangazo, ukiacha la testa. Nikafungua daftari. Anatengeneza pasi na ekstensheni, kila siku baada ya saa kumi, barazani kwa chekechea. Nikaandika, nikaongeza "kwa bei nafuu".

"Futa hiyo nafuu," akasema. "Kila mtu anaandika nafuu. Andika bei."

Nikafuta. Pasi, 3,000. Ekstensheni, 2,000. Ukija na waya wako mtaelewana. Jumatatu litasomwa la kwanza, kabla ya nguruwe.